Usiioshe, Ipeleke Hivyo Hivyo

Saa kumi na mbili asubuhi mkate wa kwanza hutoka kwenye tanuri. Baba Mkate huutoa. Mama Mkate, mkewe, huupanga kwenye trei. Saa moja kasorobo trei zote zimo kwenye pikapu, zimefunikwa vizuri. Hupelekwa shuleni kwanza, kisha hospitali. Familia hii inaishi kwa kazi hiyo.

Pikapu yenyewe ni mpya. Mume na mke walijinyima miaka minne ili kuinunua. Siku ilipoingia uani ilikuwa nyeupe pe pe pe. Mama Mkate aliizunguka mara tatu, akafuta vumbi ambalo halikuwapo.

Mwezi wa tano baada ya kuinunua, rangi ilianza kutoka.

Mama Mkate alikuwa anaosha boneti kwa sifongo. Kipande cha rangi kama ukucha kikabaki kwenye sifongo. Chini yake bati lilikuwa la kijivu. Wiki iliyofuata kikatoka kipande kama kiganja juu ya kioo cha mbele. Kisha ubavuni, karibu na trei, na hapo kutu ikaanza kuonekana. Asubuhi moja alikuta magamba meupe ya rangi juu ya kifuniko cha mikate.

"Baba watoto, njoo uone! Gari la miezi mitano linabanduka kama ukuta wa choo!"

Baba Mkate alikuja, akaona, akahesabu wiki kwa vidole. Kila mwaka afisa afya hukagua magari yanayobeba chakula. Gari lenye kutu na rangi inayobanduka halipewi kibali. Ukaguzi ulibakiza wiki sita. Bila kibali hakuna shule, hakuna hospitali, na tanuri litazimwa.

"Nitaipeleka kwa waliotuuzia," alisema.

Sasa, Baba Mkate ni mtu nadhifu kupita kiasi. Kwake yeye, kwenda kwa watu mchafu ni aibu. Kwa hiyo kabla ya kwenda aliiosha pikapu, akaipiga nta ikang'aa. Mlango wa nyuma ulikuwa na baka kubwa. Akalipaka rangi nyeupe iliyobaki siku alipopaka geti.

Dukani kwa wauza magari alipokewa na kijana mwenye tai. Kila mteja akieleza shida yake, kijana huyu husema, "Tutaangalia." Ndiyo maana Mama Mkate alimwita Bwana Tutaangalia, na jina hilo linamfaa.

"Mbona inang'aa, mzee?" aliuliza Bwana Tutaangalia. "Unalalamika nini?"

"Rangi inatoka. Tazama hapa. Na hapa."

"Unaiosha kwa sabuni gani?"

"Ya kawaida tu."

"Basi ndiyo hiyo! Au ni ndege. Kinyesi cha ndege ni kikali sana. Haya, tutaangalia. Rudi wiki ijayo."

"Asante sana, kijana wangu," alisema Baba Mkate.

Alirudi wiki iliyofuata. Meneja alikuwa safarini. Alirudi tena, gari likiwa limeoshwa tena. Safari hii aliambiwa, "Waranti haihusu rangi, mzee."

Waranti ni ahadi ya kampuni kwamba kasoro ya gari itatengenezwa bila wewe kulipa. Kijana yule alikuwa akiikana ahadi ya kampuni yake mwenyewe, tena huku akitabasamu. Mara zote tatu kalamu ilikuwa mfukoni mwake. Mara zote tatu hakuandika hata namba ya gari. Mimi huo siuiti uzembe. Ni uonevu, na unafanywa kwa watu wapole kwa sababu ni wapole.

"Wamesemaje?" aliuliza Mama Mkate.

"Eti rangi haimo."

"Haimo wapi? Sisi tulinunua gari bila rangi?" Aliitupa taulo mezani. "Na wewe ukasema asante!"

Baba Mkate aliichukua taulo akaikunja. Kweli alikuwa amesema asante.

Kesho yake jirani yao alikuja kununua mkate. Mama huyu ni fundi wa kupaka magari rangi. Mafundi huita kila tabaka la rangi "mkono". Yeye hakubali gari litoke kwake bila mikono mitatu, na mtaa mzima unamwita Mikono Mitatu. Aliiona pikapu, akasahau mkate.

"Shemeji, nani ameifanya hivi?"

"Ndivyo ilivyokuja."

Mikono Mitatu alitoa mfukoni utepe wa gundi. Akaubandika kwenye boneti, karibu na baka, akaukandamiza kwa kidole, akauvuta. Utepe ulikuja na rangi, nyeupe upande wote.

"Hii si sabuni wala ndege," alisema. "Bati halikuandaliwa vizuri kabla ya kupakwa. Rangi haikushika. Rangi nzuri ukiivuta hivi utepe unarudi mtupu. Kitabu cha waranti kiko wapi?"

Kilikuwa kabatini, bado ndani ya nailoni yake.

"Hiki ni kitabu au sahani za wageni?" Mikono Mitatu alicheka, akaichana nailoni. Alitafuta kwa kidole mpaka akapata. "Soma hapa, dada."

Mama Mkate akasoma kwa sauti: "'Rangi ya bodi ikibanduka yenyewe, kampuni itapaka upya kwa muda wa miaka mitatu. Mteja atoe taarifa kwa maandishi.'" Kisha akafoka: "Walijua! Walijua siku zote!"

"Endelea, kuna mstari mwingine."

"'Sehemu iliyopakwa na mtu mwingine haihusiki.'"

Mikono Mitatu alienda nyuma ya pikapu. "Na weupe huu mwingine umetoka wapi?"

"Kwenye geti," alisema Baba Mkate, akitazama viatu vyake.

"Basi mlango huo umeupoteza, shemeji. Waambie ukweli, usiudai. Kwingine usiguse tena. Piga picha kila baka, zionyeshe tarehe. Andikeni barua, nakala mbili. Semeni mlinunua lini, rangi ilianza kutoka lini, mlikwenda siku gani na mkajibiwa nini. Semeni mnataka nini na mjibiwe kabla ya lini. Nakala moja wabaki nayo, ya pili waigonge muhuri mrudi nayo. Wakikataa, ipelekeni kwenye ofisi inayoshughulikia malalamiko ya wanunuzi. Na jambo la mwisho: usiioshe."

"Nisiioshe?"

"Ipeleke hivyo hivyo. Ukiificha shida, hakuna atakayeiona."

Barua iliandikwa juu ya meza ya kukandia unga. Mwishoni Baba Mkate aliongeza: "Samahani kwa usumbufu." Mkewe akachukua kalamu akayafuta maneno hayo.

"Samahani ya nini? Nani amemsumbua nani?"

Walikwenda pamoja, pikapu ikiwa na vumbi, unga na mabaka yake yote.

"Mzee, si nilikuambia habari ya sabuni?" alianza Bwana Tutaangalia.

"Leo sabuni hatuizungumzi," alisema Baba Mkate. Aliiweka barua mezani. "Pokea barua. Nakala yangu igonge muhuri."

"Muhuri anao meneja."

"Tutamsubiri."

Mama Mkate hakukaa kusubiri. Alitoka nje, akabandika utepe kwenye boneti mbele ya wateja, akauvuta. Wateja wakasogea. Mama mmoja muuza mboga, mwenye pikapu kama ile, akaenda mbio kuitazama yake. Meneja, ambaye huwa safarini, alitokea upesi.

Alitazama utepe. Akasoma barua. "Nani alisema waranti haihusu rangi?"

Baba Mkate akamwonyesha. Bwana Tutaangalia akaanza kupanga karatasi zilizokwisha kupangwa.

"Mlango wa nyuma nilipaka mimi," Baba Mkate aliongeza. "Huo siudai. Kwingine kote nadai."

Muhuri ukagongwa. Siku tisa baadaye jibu lilikuja kwa maandishi. Kampuni ingeikwangua bodi na kuipaka upya, na wangeazimwa pikapu nyingine ili mikate isikwame. Mlango wa nyuma Mikono Mitatu aliupaka mwenyewe, kwa gharama ya Baba Mkate.

Siku ya kuchukua gari ukaguzi ulikuwa umebakiza siku mbili. Bwana Tutaangalia alisukuma karatasi mezani. "Saini hapa kwamba umeridhika, mzee."

Zamani angesaini na kushukuru. Baba Mkate alitoa utepe mfukoni.

"Kwanza tutaangalia," alisema.

Alijaribu boneti, ubavu, juu ya kioo. Kila mara utepe ulirudi mtupu. Ndipo akasaini.

Afisa afya alipitisha kiganja kwenye bodi, akakitazama, akaandika kibali. Saa moja kasorobo ya siku iliyofuata mikate ilikwenda shuleni, kisha hospitali, kama kawaida.

Wiki ile ile yule mama muuza mboga alikuja kwenye tanuri la mikate. Pikapu yake ilikuwa inang'aa, imeoshwa asubuhi hiyo. Kitabu cha waranti kilikuwa kwapani, ndani ya nailoni.

"Naambiwa eti ni sabuni," alisema kwa hasira.

Baba Mkate alimvutia kiti, akafuta unga mezani.

"Kaa, dada," alisema. "Tuanze kwa kuichana hiyo nailoni."