Pindo la Suruali Nyeusi

Mvua ya Tukuyu haipigi hodi. Siku ya gulio ilimfukuza Ambilikile, mwalimu mstaafu na mgane kutoka kijiji cha Nkunga, mpaka barazani kwa Tulinagwe, fundi cherehani wa Bulyaga, koti lake la kaki likichuruzika maji. Mvua ikaisha, mwanamume hakuondoka.

Kuanzia hapo ikawa simu kila jioni. "Fundi wangu, umekula?" Naye, mjane wa miaka hamsini na saba, anacheka kama msichana. Jambo moja tu alimficha: magoti. Daktari alishamwambia yamesagika, apunguze kukanyaga cherehani. Lakini asipokanyaga atakula nini? Ambilikile akija humkuta ameketi, kitenge cha zambarau kimefunika kila kitu.

Ndipo mwalimu akamleta dada yake mkubwa amwone mchumba. Kwao, mwanamke hupiga goti akisalimia wakubwa. Tulinagwe alishikilia cherehani, akasalimia kasimama wima. Dada mtu akanuna. Jioni hiyo simu haikulia, wala yeye hakupiga. Heri aitwe mwenye maringo kuliko kilema, alijiambia. Ujinga ulioje!

Miezi minane baadaye Ambilikile alirudi na suruali nyeusi, ndefu mno. Ya harusi. Anamwoa Agness wa Matwebe. Kanisani wameshatangazwa mara mbili. Mafundi wengine, alisema akitazama pembeni, hawaujui mwili wake.

Kupima pindo, fundi sharti ashuke chini. Tulinagwe alivuta benchi.

"Panda juu, mwalimu. Mimi sishuki. Magoti yameniishia."

Ambilikile alibaki na mguu mmoja juu ya benchi. "Tangu lini?"

"Tangu kabla hujaja na mvua yako."

"Hata siku ile ya dada?"

"Hata siku ile."

"Kwa nini hukuniambia, Tuli?"

"Na wewe mbona hukuniuliza?"

Ambilikile alipanda, akabandikwa pini, vidole vya Tulinagwe vikigusa kifundo cha mguu wake. Kisha akangoja huku pindo likishonwa, na kila kanyago aliliona likimkunja mama wa watu uso.

Alipokabidhiwa suruali alifanya ambalo wanaume wa kwao hawafanyi. Alipiga goti palepale sakafuni, kwenye vipande vya vitambaa.

"Ndaga, fundi wangu," alishukuru.

Tulinagwe alitaka kumwinua, amwambie asiende. Magoti yalikataa, na ulimi nao ukakataa.