Viroba Vitatu Mdomoni mwa Bomba

Kila akitoka shule, Kiroboto alivua sare, akachukua ndoo na kwenda kumwagilia nyanya za mama yake bondeni. Jina hilo alipewa kwa sababu hakujua kutulia. Lakini kiangazi kile ndoo ilimtuliza vizuri tu, maana kisima kilikuwa mbali.

Kilichomuudhi mama ni bwawa. Tuta kubwa la udongo lilikinga bonde zima, na nyuma yake hapakuwa na hata tone. Chini ya tuta lilipita bomba la zege lililoachwa wazi daima. Mvua ikinyesha, maji yalijiendea zake polepole.

"Bwawa gani hili? Sufuria iliyotoboka!" mama alilalamika.

Jirani yao, fundi wa matofali, naye alihitaji maji ya kukandia udongo. "Basi tulizibe, dada," akasema.

Wakajaza mchanga viroba vitatu, wakaviunga kwa kamba moja ili siku ya kuvitoa isiwe taabu, wakavisukumiza mdomoni mwa bomba. Ncha ya kamba wakaifunga kwenye kigingi. Kiroboto ndiye aliyeshika viroba vikijazwa.

"Mjomba wako asisikie," mama alimwonya. Mjomba ndiye aliyekuwa mtunza bwawa, na wakati huo alikuwa kitandani na homa.

Manyunyu yakaja, maji yakatuama, nyanya zikanawiri. Kisha ikaja mvua yenyewe. Ilinyesha bila kupumzika, na bwawa likafura hadi maji yakakaribia ukingo wa juu wa tuta. Mjomba alisimama pale juu, blanketi mabegani, akitetemeka. Upande wa pili bomba lilitoa maji membamba kama ya birika. Huko chini watu walikuwa wakihama nyumba zao mbio mbio. Bibi yake Kiroboto, asiyeweza kutembea, alikuwa bado ndani.

"Maji yakivuka juu, udongo huu utamomonyoka wote," mjomba alisema. "Bomba limezibwa na nini? Kama ni majani nitayachokoa kwa mti. Nani anajua?"

Mama alitazama miguu yake. Fundi akakohoa. Kiroboto aliogopa kumwaibisha mama, lakini aliogopa zaidi kumpoteza bibi.

"Ni viroba, mjomba! Vya mchanga. Tuliziba sisi. Vina kamba, iko kwenye kigingi karibu na lile jiwe jeupe, sasa kimezama."

Mjomba hakugomba. "Leteni ndoano. Mtu asiingie majini!"

Ndoano ilitupwa, ikakosa, ikakosa tena. Ndipo fundi akajitosa. Aliibuka na kamba ameizungusha mkononi, akawarushia wanaume waliosimama tutani ncha yake. Wakavuta. Kiroba cha kwanza kikatoka, kisha cha pili. Cha tatu kilifyonzwa na bomba, kikaivuta kamba pamoja na mkono wa fundi. Alipiga ukelele wa kutisha. Walimnasua kwa kuikata kamba kwa panga.

Kiroba kikatokea upande wa pili, maji yakaanza kushuka. Tuta lilisalimika, na bibi akasalimika. Mkono wa fundi ulikatwa hospitalini, juu ya kiwiko.

Kiroboto akaacha kula. "Nisingesema, angekuwa na mikono yake yote," alilia. Mjomba akampeleka wodini, mama akifuata nyuma.

"We mtoto, nani kakwambia umenikata mkono?" fundi aliuliza kwa sauti dhaifu. "Nilijua kila kitu, nikakohoa. Ningesema mapema, tungevitoa viroba maji yakiwa ya magotini. Kunyamaza kwangu ndiko kulikonikata. Kusema kwako kumemwokoa bibi yako. Nyanya je?"

"Zimeoza zote kwa maji," mama alijibu, akaangua kilio.

Mjomba alikaa ukingoni mwa kitanda. "Na mimi nina lawama," alisema. "Nilizoea kuwafukuza watu pale bila kuwaeleza. Bwawa lile halikujengwa kuweka maji. Lilijengwa kuyachelewesha, yasitushukie kwa mkupuo. Likiwa tupu, limeacha nafasi ya mafuriko. Hiyo ndiyo kazi yake." Akamshika Kiroboto bega. "Kitu usichojua kazi yake, uliza kabla ya kukigusa. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo, mwanangu, kabla mtu mwingine hajalipa."