Maji ya Bidoni ya Bluu

Kila siku, shule ikitoka saa sita, Kabibi alishuka moja kwa moja ufukoni Rumonge kumsaidia mama yake kuanika ndagala. Kazi yake ilikuwa kuvigeuza visamaki hivyo juu ya nyavu mpaka saa kumi, jua likimpiga utosini. Ziwa lilikuwa palepale. Wenzake walichota kwa viganja, wakanywa. Yeye hakuthubutu. Tangu kipindupindu kipite mtaani, mama alimkanya: "Tone la ziwa lisiingie mudomoni mwako. Umesikia?"

Nyumbani kulikuwa na bidoni ya bluu, dumu la plastiki, maji yake yametiwa dawa ya kuua vijidudu. Siku moja Kabibi alijaza kikombe mara mbili, mama akamwambia, "Polepole, mutoto. Dawa iko karibu kuisha, na mudogo wako Baraka naye anywe nini?" Tangu siku hiyo akawa anakunywa kikombe kimoja tu, jioni. Akiulizwa kama amekunywa, hujibu, "Ndiyo, mama."

Wiki ya tatu midomo ilipasuka. Miguu na mikono ikafanya weupe kama iliyopakwa majivu, na kichwa kikawa kinamgonga. Kabibi akajipaka mawese kuficha. Vumbi na magamba ya ndagala vikaganda humo humo, akajikuna mpaka damu.

Ijumaa, Tahiri, mwenzake wa benchi, alivuta daftari lake kando.

"Sogea huko. Huo ni upele. Ama umeota magamba, tukuanike?"

Darasa likacheka. Mwalimu Hyacinthe hakucheka. Aliitazama mikono ile.

"Jumatatu ni mtihani, Kabibi. Kama ni upele, utawaambukiza wenzako. Lete karatasi ya kituo cha afya, bila hiyo utabaki nyumbani."

Na asiyefanya mtihani hurudia mwaka. Kabibi alilijua hilo, lakini jioni hakumwambia mama neno.

Jumamosi alishinda juani tena, ulimi umegandamana na kaakaa. Alipoinama kugeuza ndagala, nyavu zikazunguka, macho yakaingia giza, akaanguka. Mama alimbeba mgongoni mpaka kituo cha afya. Huko ndipo Kabibi aliposema habari ya upele na karatasi ya mwalimu.

Muuguzi Benedicte alikagua katikati ya vidole, kimoja kimoja. Kisha akafinya ngozi ya mkono na kuiachia. Ilirudi polepole mno.

"Umekunywa maji?"

"Ndiyo."

"Vikombe vingapi tangu asubuhi?"

Kabibi alimtazama mama, akatazama chini.

"Hakuna."

"Na jana?"

"Kimoja."

"Kimoja!" mama alisema. "Na bidoni iko nyumbani?"

"Ulisema dawa inaisha. Na ya ziwa ulikataza."

Mama aliketi kando yake, akamshika mkono.

"Siyo upele," Benedicte alisema, akimpa maji ya chumvi na sukari, funda baada ya funda. "Mwili umekauka, na ngozi nayo. Mtoto anayeshinda juani anywe mara kwa mara, asingoje kiu. Na hayo mawese muyaoshe. Mafuta hayafanyi kazi ya maji." Akaandika karatasi. "Ngozi itachukua siku kadhaa kupona, Mama Kabibi."

"Murakoze, muganga," mama alishukuru.

Jumatatu mwalimu Hyacinthe aliisoma karatasi mpaka mwisho, akamwonyesha Kabibi nafasi yake. Tahiri aliitazama chupa ya maji ambayo Kabibi aliwekewa na mama, akasogea kumpisha bila kuambiwa.

Jioni mama alijaza kikombe kutoka bidoni ya bluu, dawa mpya imetiwa.

"Nilikukataza maji mabaya, mwanangu, sikukukataza maji. Nilikutisha, nikasahau kukuwekea chupa. Hilo ni langu. Lakini nilipokuuliza, ulinijibu ndiyo, kumbe iko hapana. Dawa ikiisha, niambie, tutachemsha. Ukiwa na kiu, niambie. Kiu haifichiki. Ukinyamaza wewe, ngozi itasema, na siku nyingine itasema wakati nimechelewa."

Akampa kikombe, akasimama hapo hapo mpaka kikawa kitupu.