Moto Uliozimika Kinamasini

Zama zile jembe la chuma lilipokuwa ndiyo mali, na mtu akioa kwa majembe, nchi ya Igombelo ilikuwa chini ya Mtemi Malunde. Kila baada ya mavuno mafiga yote ya nchi yalizimwa, kisha yakawashwa upya kwa moto uliotoka kwa Mtemi. Aliyepikia moto huo alikuwa mtu wake. Asiyeupata hakuwa wake.

Mwaka ule Malunde aliishinda Ukwila, nchi ya chumvi iliyo ng'ambo ya kinamasi kikubwa, akaacha askari huko wa kuilinda. Akamkabidhi chungu cha makaa mpwa wake Mhoja, jemadari aliyemlea mwenyewe tangu utotoni. Ukwila ikishapika kwa moto ule, Mhoja angeitawala kwa niaba ya mjomba wake.

Mhoja akaondoka na askari wenye mikuki na ngao za ngozi ya nyati, chungu amekikumbatia kama mtoto mchanga. Maji ya kinamasi yakawafika vifuani, na mvua ikawanyeshea bila huruma. Walipotokea ng'ambo, makaa yalikuwa ya baridi kama mawe ya mtoni.

Wakwila walikuwa wameshazima mafiga yao kama walivyoamriwa, na watoto walikuwa wakilamba unga mbichi. Askari wakamnong'oneza Mhoja apekeche moto kichakani, aseme ndio ule ule, nani angejua? Mhoja akawatazama wale watoto, akaona haya. Akaenda moja kwa moja kwa Bibi Nzela, mkuu wa Wakwila, akamfunulia chungu.

Bibi akachungulia, akacheka hadi akajifuta machozi. "Mjukuu wangu, kumbe hata moto wenu umechoka njiani. Kaa chini. Tuwashe wa kwetu, nawe ule."

Mhoja akala, akijua kwamba utawala umemponyoka, na pengine shingo nayo.

Barazani Igombelo wazee walitaka auawe. Mhoja akapiga magoti.

"Mjomba, zamani Wakwila walituletea chumvi wenyewe, nasi tukawapa majembe. Tangu tuwashinde, chumvi yote inaishia kwa askari wanaowalinda. Nchi yako inakoma pale moto wako unapofika ukiwa hai."

Malunde akakigeuzageuza kile chungu mikononi.

"Wale watoto walikula?"

"Walikula."

"Basi inuka, mpwa wangu."

Askari wakaitwa warudi, na soko likawekwa ukingoni mwa kinamasi, chumvi kwa majembe kama zamani. Siku ya kwanza Mtemi alikwenda mwenyewe. Kiko chake kikamzimikia, naye akainama kwenye mafiga ya Bibi Nzela, akachukua kaa la moto. Wazee wa Igombelo wote wakaanza kutazama ndege.

"Leo umekuwa mtu wangu," Bibi akamwambia.

"Basi nilishe, mama," Mtemi akajibu, akapuliza moshi.

Vita vya kuishinda Ukwila havikuacha hata wimbo mmoja. Kiko kile wanakisimulia pande zote mbili, na kila upande unacheka ukidhani ndio ulioshinda.