Mheshimiwa Akitoka Nje

"Usinishike!" Fundi alirudi nyuma mpaka kisogo kikagonga kabati la vyombo. "Nijibu kwanza. Kile kikao, ulitoka nje au hukutoka?"

"Nilitoka!" Diwani alipayuka hadi jirani wa juu akazima redio asikilize vizuri. Pasi ilikuwa mkononi, gauni lake la kijani la vikao limelala mezani. "Nilisimama mbele ya wajumbe wote nikasema, huyu fundi aliyeomba kazi ya vitanda ni mchumba wangu, mimi sikai kwenye jambo hili. Nikabeba pochi yangu nikatoka. Sheria inasema nitoke, nimetoka. Sasa kosa langu nini, mpenzi?"

"Usiniite mpenzi."

"Haya, bwana fundi. Kosa langu nini?"

Kosa lenyewe Fundi alikuwa amelijua mchana ule ule. Yuko karakana, miwani ya kuchomelea kichwani, akaingia mwenyekiti wa halmashauri, tumbo limetangulia, manukato yananukia kuliko moshi wa vyuma. Akampiga mgongoni. "Shemeji! Hongera bwana, vitanda vya wodi ya wazazi ni vyako."

Fundi akafurahi kama mtoto. Akasema, nadhani kile kitanda cha mfano kiliwapendeza. Maana kile kitanda, jamani, alikisugua mpaka vidole vikachubuka. Alimlaza dada yake mwenye mimba ya miezi minane, akamwambia jigeuze, kaa, shuka, panda, mpaka dada akamuuliza kama anataka ajifungulie hapo hapo.

"Kitanda gani?" mwenyekiti akasema. "Kile cha chini ya turubai? Hatukukifunua hata. Mwenzako alitoka nje, sisi tukaelewa. Kwetu mtu akitoka, wa kwake kapata. Leo katoka yeye, keshokutwa natoka mimi." Akacheka, akapanda gari, akaondoka. Fundi akabaki amesimama, mdomo mchungu kama amelamba betri.

"Hawakukifunua," alimwambia Diwani sasa. "Turubai halikuguswa! Na wewe ulijua."

Diwani akaweka pasi chini. "Nilijua ndiyo. Kila mtu pale anajua. Ulitaka nifanye nini, nibaki ndani? Ningebaki, wangesema nakupendelea."

"Na ulipotoka ndipo ukanipendelea!"

"Kwa hiyo nikikaa kosa, nikitoka kosa?"

"Ungewaambia, fungueni turubai muangalie. Na cha mzee aliyenifundisha kazi mkiangalie. Naye alileta chake, sasa hivi anapita karakana ananipa mkono, ananiambia, kijana wangu umenishinda. Nimemshinda wapi? Sijui kama nimemshinda! Sitajua mpaka nakufa!"

Hapo sauti yake ilikatika, na Diwani roho ikamuuma kweli. Huyu mwanamume alimpenda tangu siku kisigino cha kiatu chake kiliponasa kwenye wavu wa mfereji, nje ya lango la halmashauri, watu wanapita wanacheka. Fundi alipiga magoti kwenye vumbi na bisibisi yake. "Mheshimiwa, kiatu kimeshapata mchumba hapa, nikitoe au tuwaachie?" Diwani, ambaye wajumbe walimwogopa kwa kununa, alicheka mpaka akamshika bega asianguke. Jioni akampigia simu eti kumuuliza bei ya geti. Nyumba ya kupanga, geti la nini? Lakini walizungumza mpaka chaji ikaisha.

Sasa alimsogelea, akagusa kwa kidole kimoja matundu ya cheche kwenye ovaroli lake. "Sikia, baba. Wazazi wamelala sakafuni kule. Nimewaona kwa macho yangu, wengine wawili kitanda kimoja na vichanga juu. Kazi yako ni nzuri, mimi naijua. Chomelea vitanda, walale. Shida iko wapi?"

Lilikuwa neno zito, na Fundi alilisikia. Aliwafikiria wale wanawake. Akakaa kwenye mkono wa kochi.

"Basi rudi kikaoni," akasema polepole. "Useme jambo langu lifunguliwe upya, vitanda vyote vipangwe uani, wakunga ndio wachague. Siku moja tu. Nikishinda, nachomelea usiku na mchana. Nikishindwa, namshikia mzee nondo."

"Nikisema hivyo wananimaliza."

"Nitakulisha mimi."

Diwani karibu acheke, karibu alie. Alifungua mdomo ajibu, na simu ikaita mezani. Akaitazama, akamtazama Fundi, akapokea. Simu yenyewe spika yake mbovu, inatangazia nyumba nzima.

"Mheshimiwa wangu!" Ilikuwa sauti ya mwenyekiti. "Nakukumbusha tu. Keshokutwa tukifika kwenye kazi ya kunyonya vyoo vya zahanati, mimi nitatoka nje kidogo. Si unanielewa?"

Wote wawili walielewa. Mdogo wake mwenyekiti ana lile gari la kunyonya vyoo ambalo kila alfajiri humwaga mzigo wake bondeni nyuma ya soko. Wauza mboga hufunga kanga puani. Watoto wa bondeni wana vipele mpaka kwenye kope. Fundi alihisi ile harufu kooni, humu humu sebuleni, kati ya pasi na makochi.

"Mheshimiwa? Upo?"

"Nipo, mwenyekiti." Diwani alilainisha sauti, ikawa asali tupu, ile ile anayotumia akimwambia Fundi lala salama. "Nimekuelewa kabisa. Usijali, kaka yangu."

Akakata. Juu redio bado imezimwa.

"Utanyoosha mkono?" Fundi akauliza.

"We unadhani nina njia? Wamenipa chako, nitawanyimaje chao?"

"Nakuuliza, utanyoosha mkono?"

Diwani alishika ukosi wa gauni, akaunyoosha kwa kiganja mahali ambapo palikuwa pameshanyooka. "Mara moja hii tu, mpenzi. Halafu basi. Nakuapia."

"Hiyo mara moja nilishakuwa mimi," Fundi akasema.

Akainuka. "Asubuhi naenda kuwaambia watu wa halmashauri vitanda vyao sichomelei, na sababu nawapa mbele ya kila mtu. Shangazi yangu nitamwambia asije kwenu na mahari."

"Usinifanyie hivyo. Shangazi ameshashona nguo! Kaa tuongee, baba. Kaa kidogo!"

Alimwangalia. Alikuwa mzuri hata hapo, kitambaa kimeteleza kichwani, machozi yanashuka, na mkono mmoja bado umelishika gauni. Fundi alitoka, akafunga mlango.