Uzito wa Kiti cha Mbele

Ndege ilitua vizuri mno, na hapo ndipo Léonce Thiébaut, fundi wake, alipoanza kushuku. Ilikuwa ndege ya upelelezi: mpelelezi mbele, rubani nyuma yake, injini mgongoni. Rubani akiruka peke yake, kiti cha mbele huwekwa mfuko wa mchanga, la sivyo pua inainuka na ndege inaanguka kinyumenyume. Na mfuko wenyewe ulikuwa umelala nyasini, mlangoni mwa banda. Léonce alikuwa ameusahau.

"Leo umeipanga, mzee," alisema Sajenti Rocher, rubani, akivua miwani. "Imetulia kama kitanda cha mjane."

"Hukutazama mbele?"

"Nitazame mfuko? Una sura gani?"

Léonce akapeleka mkono kitini. Kilikuwa na joto, na kilinuka mbwa aliyelowa. Luteni, mpelelezi aliyepigwa risasi humo Jumanne, alikuwa akinukia sabuni. Basi si yeye. Kiti kilikuwa kimeachwa kitupu, na kitu kingine kimekaa.

Mchana akaja mpelelezi mpya: Aubin, mdogo wake Léonce wa tumbo moja.

"Usipande," Léonce alimnong'oneza. "Mna mtu humo."

"Kaka, divai umeianza asubuhi? Wataniita mwoga."

Akapanda. Mkia wa ndege ukanyanyuka kutoka ardhini, kama kiti cha mbele kimekaliwa na watu wawili.

"Mama yenu anakulisha nini?" Rocher akacheka, akawasha injini.

Léonce hakucheka, alichomoa kisu akakitia kwenye kitambaa cha bawa, akakipasua kutoka ncha hadi ncha huku Rocher akimtukana na askari wakija mbio, akijua kabisa kwamba anayeharibu ndege ya jeshi wakati wa vita husimamishwa ukutani apigwe risasi, na hakuacha mpaka alipomwona mdogo wake ameruka chini.

Aubin alikuwa chini. Mkia ulibaki juu. Kisha ukashuka polepole, kama mtu anayeteremka bila kutaka kusikika.

Walipomfunga mikono, Léonce alikuwa akimtazama Aubin. Mdogo wake alikuwa hai.

"Ngoja nikamwombe kamanda," alisema Aubin, akaondoka kuvuka uwanja uliolowa mvua.

Aubin alikuwa mwembamba kama ufito. Lakini kila alipokanyaga, buti zilizama hadi kwenye vifundo, na akazivuta kwa taabu, akihema, bila kugeuka kutazama alichobeba.