Soketi Iliyokuwa Mapajani

Alfajiri moja ya Mei 1953, wapita njia walikuta gari la Zachary limeungua kwenye kona ya Kanduyi. Zachary alikuwa ndani, amekufa.

Sajenti Kipruto alichungulia chini ya dashibodi. Soketi ya kiwashio cha sigara ilikuwa mpya. Waya wake ulikuwa umechunwa ukagusa bati, na mahali pa fyuzi palitiwa msumari. Kubonyeza kiwashio hicho kulikuwa kujichoma.

Aliyeitwa kubadilisha soketi ni Walubengo, fundi wa Kitale, mume wa dada ya marehemu. Alifungwa pingu akapelekwa Kabuchai, nyumbani kwa marehemu, alikofanyia kazi. Kila mtu uani alijua kosa hili mwisho wake ni kamba.

"Ulimaliza kazi?" Kipruto aliuliza.

"Sikumaliza, Afande. Niliondoka jana na lori la saa kumi."

"Dereva wa lori amekubali. Lakini soketi imefungwa. Kwa nini useme hukumaliza?"

Walubengo aliutazama mlango wa nyumba, akaupa mgongo.

"Si unaona?" alisema Mukhisa, mshirika wa Zachary katika biashara ya mahindi. Tangu asubuhi alikuwa akiwabebea waombolezaji viti. "Mimi nilipita hapo saa tisa, bana. Nikamwona kwenye kiti cha mbele, anakaza skrubu. Ndiyo nikamwambia Zachary gari iko tayari."

Nyuma ya mlango ulioegeshwa, Nakhungu, mama wa marehemu, alisikia. Akaliweka chini bakuli la uji. Uji huo aliletewa na Mukhisa.

"Afande," aliita bila kutoka, "muulize, kwenye kiti hicho alimwona nani mwingine?"

"Hakuna mtu, Mama. Fundi peke yake."

"Saa tisa nilikuwa nimekaa pale mimi. Mvua ilinikuta nikitoka shambani, mkwe wangu ameenda ghalani kutafuta bisibisi. Niliingia garini, nikaikuta soketi kitini, nikaipakata. Usingizi ukanichukua."

Wazee waliguna. Kwa mila yao, mkwe na mama mkwe hawakaribiani wala hawatazamani. Mkwe ajibane pale alipokaa mama mkwe wake? Afadhali aache kazi. Amtaje mbele ya watu? Afadhali anyongwe.

"Niliamka jua likizama, soketi bado iko mapajani. Nikaiacha kitini. Juu ya boneti nikakuta mwavuli wa mkwe wangu. Ameniachia mimi, mwenyewe akaenda na mvua."

Kipruto alimgeukia Mukhisa. "Saa kumi fundi aliondoka. Magharibi soketi haijafungwa. Ni nani aliyeifunga usiku, kisha akasema gari iko tayari?"

Mukhisa alirudi nyuma, akagonga kiti alichokibeba mwenyewe. "Zachary alikuwa anakuja kwenu polisi! Ati aseme habari ya kahawa ya magendo ninayovusha mpaka wa Lwakhakha. Mimi nioze jela?"

"Na asubuhi ukaniletea uji," Nakhungu alisema polepole. "Ukaniambia, Mama, kula, usiishiwe nguvu."

Pingu zilihamia mikono mingine. Walubengo alibaki ameupa mlango mgongo, mabega yakimtikisika. Mlango ulifunguka kidogo. Mwavuli ukasukumwa nje kwa ncha ya mkongojo, kisha mlango ukafungwa, ili mkwe aweze kugeuka na kuuchukua.